Karatasi tano za propaganda kutoka Asia: tuzisomeje, na tuzitunzeje hapa Kisumu?

Mkutubi_Kisumu:

Habari zenu wadau. Maktaba yetu ya jamii hapa Kisumu imepokea karatasi tano za propaganda kutoka Asia, zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Familia iliyozitoa haijui zilifikaje kwao. Muhula ujao tunataka kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari. Sisomi Kichina wala Kikorea, basi naeleza ninachokiona:

Ya 1: kijana aliyevaa kanzu ndefu, mwavuli mkononi, anatembea juu ya mlima, mawingu nyuma yake. Sm 77 kwa 53. Maandishi ya Kichina chini.

Ya 2: viongozi wa China wamesimama barazani, nguzo nyekundu, taa kubwa za mviringo, Mao Zedong, aliyekuwa kiongozi wa China, mbele ya vipaza sauti. Karatasi nzito, inang'aa.

Ya 3: Mao mbele, nyuma yake mtu mwenye sare ya jeshi na kofia, ameshika kitabu chekundu. Umati wa watu wa mataifa mengi, akiwemo Mwafrika mwenye bunduki. Uso wa yule mwenye sare umekwaruzwa kwa kalamu.

Ya 4: mwanamke mwenye kofia yenye umbo la pia, na bunduki, ndege inaanguka, namba 3000. Herufi ni kama zetu lakini zimejaa alama juu na chini. Inaonekana imepakwa kwa brashi.

Ya 5: ngumi nyekundu, maandishi ya Kikorea, selotepu iliyogeuka kahawia pembe zote nne, na ukungu kona moja.

Nataka kujua umri wake, ipi ni halisi na ipi ni nakala, na namna ya kuzitunza. Jirani mwenye duka la fotokopi amejitolea kuzilamineti zote kwa bei ya chini.

---

FundiChapa_Nakuru:

Mkutubi, mwambie jirani asante, lakini asiguse. Mashine ya kulamineti hupita nyuzi joto 100. Plastiki inayeyuka, inaingia kwenye nyuzinyuzi za karatasi, na haitoki tena bila kutoka na rangi. Ya 4 na ya 5, kama kweli zimepakwa kwa mkono, rangi yake ni ya unga uliofungwa kwa gundi ya maji. Itabanduka papo hapo.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ile ya mafundi wa saa. Iweke juu ya uso wa mtu, kisha juu ya maandishi makubwa, kisha juu ya mstari mdogo kabisa wa maandishi ukingoni chini. Mambo matatu ya kuangalia:

Mashine ya ofseti, ile ya kiwandani ya kuchapa nakala nyingi, huvunja picha kuwa nukta za rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila rangi ina pembe yake, ndiyo maana nukta zinajipanga kuwa vijiua vidogo. Ukiviona usoni pa mtu, hiyo ni ofseti. Ukiona matone yaliyotapakaa bila mpangilio wowote, hiyo ni printa ya wino ya siku hizi. Usipoona nukta kabisa, na rangi imesimama juu ya karatasi ikiwa na michirizi, hiyo ni brashi au chapa ya mbao.

Maandishi ndiyo yanayowaumbua wachapaji wa nakala. Katika bango la asili, ule mstari mdogo wa chini umechapwa kwa wino mweusi mmoja, kingo zake safi. Anayetengeneza nakala hupiga picha bango zima na kulipitisha upya kwenye mashine, kwa hiyo hata herufi ndogo zinageuka nukta, na kingo zake zinakuwa na meno. Picha yenyewe inaweza kukudanganya kwa sababu katika nakala nukta za zamani huchanganyika na mpya na kuleta mawimbi. Lakini herufi ndogo hazidanganyi.

Tatu, karatasi. Mabango mengi ya China ya miaka ya 1950 hadi 1970 yalichapwa kwenye karatasi nyembamba. Uzee wa kweli huanzia kingoni na kwenye mikunjo, kwa sababu hapo ndipo hewa na mwanga huingia, na katikati hubaki peupe zaidi. Rangi ya kahawia iliyosambaa sawasawa karatasi nzima mara nyingi ni majani ya chai. Ukiwa na tochi ya kukagulia noti bandia, zima taa za chumba na umulike bango: karatasi nyingi za leo hung'aa samawati kali kwa sababu ya dawa ya kuongeza weupe. Lakini hiyo ni sababu ya kushuku tu, kwani dawa hizo zilikuwapo viwandani tangu miaka ya 1950.

Kipimo chako cha 77 kwa 53 kinaridhisha. Karatasi kamili ya China ilikuwa milimita 787 kwa 1092. Nusu yake ikipunguzwa kingo inakuja hapohapo. Nakala za watalii mara nyingi huwa na vipimo vya A2 au A3.

---

Karatasi_Kuukuu (Kakamega):

Nakubaliana na fundi kuhusu lenzi. Mimi nianzie ukingo wa chini, maana wengi hutazama picha kwanza ilhali tarehe iko miguuni.

Huhitaji kusoma Kichina. Tafuta tarakimu za kawaida zikifuatwa na 年 (mwaka) na 月 (mwezi). Baadaye tafuta 版 na 次. Tarakimu zilizo karibu na 版 zinahusu toleo, na zilizo karibu na 次 ni mara ya ngapi limechapwa. Bango linaweza kuwa la toleo la mwaka mmoja na uchapaji wa mwaka mwingine, na mara nyingi mstari huohuo unataja idadi ya nakala na bei kwa sehemu za yuan. Jina la mchoraji usilitegemee. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya 1966 hadi 1976, kusaini kazi kulionekana ni ubinafsi, na mabango mengi yametajwa kwa jina la kikundi tu.

Kama ukingo umekatwa, angalia maumbo ya herufi. China ilitangaza mpango wa kurahisisha herufi mwaka 1956 na kutoa orodha kamili mwaka 1964. Herufi ya kwanza ya maneno ya Kichina ya "miaka elfu kumi", yaani "idumu", ipo kwenye mabango chungu nzima. Ya zamani ni 萬, yenye mistari zaidi ya kumi, na iliyorahisishwa ni 万, yenye mistari mitatu. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuzitofautisha. Ila kuna mitego miwili: Taiwan na Hong Kong waliendelea na herufi za zamani, na mwandiko wa mkono wa Mao uliponakiliwa kwenye mabango ulibaki na umbo la zamani hata baada ya 1956. Soma herufi za chapa, achana na za mkono.

Sasa picha zako.

Ya 1 ni "Mwenyekiti Mao aenda Anyuan". Liu Chunhua aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1967, akiwa mwanafunzi, kwa ajili ya maonyesho ya Beijing kuhusu harakati za wachimba makaa wa Anyuan. Ilichapishwa nchi nzima tarehe 1 Julai 1968. Inakadiriwa kwamba nakala milioni 900 zilichapwa kwa ukubwa wa kila aina. Msifikirie mmepata dhahabu, lakini kwa kufundishia hakuna bora kuliko hii. Kiongozi aliyejulikana zaidi kwa mgomo wa Anyuan wa 1922 alikuwa Liu Shaoqi, baadaye rais wa China, na mwaka 1961 mchoraji Hou Yimin alimwonyesha Liu akiwa na wachimbaji hao. Kufikia 1967 Liu Shaoqi alikuwa ameshaangushwa, mchoro wa Hou ukalaaniwa, na huu ukachukua nafasi yake. Tazama ulivyojengwa: Mao peke yake, hakuna mchimbaji hata mmoja, mlima uko chini ya miguu yake, mwanga unamwangukia usoni. Kanuni ya wakati huo ilitaka kila kitu kiwe chekundu, kiangavu na chenye kung'aa. Uso wa Mao haukupaswa kuwa na kivuli kizito wala rangi za baridi.

Wengi huuliza kwa nini nyuso kwenye mabango ya China ni laini hivyo, mashavu ya waridi kama ya mtoto aliyepakwa mafuta. Ustadi huo ulikuwapo Shanghai kabla ya Chama cha Kikomunisti kushika dola. Ulitumika kwenye kalenda za matangazo ya sigara na vipodozi, zenye mabibi waliovaa vizuri. Mchoraji alisugua unga laini wa kaboni kwenye karatasi kutengeneza vivuli vya uso, kisha akapaka rangi ya maji nyepesi juu yake, tabaka kwa tabaka, hadi mstari wa penseli usionekane. Baada ya 1949 mafundi walewale, akina Li Mubai na Jin Meisheng, walipewa kazi ya kuchora wakulima na wafanyakazi wa viwandani. Mikono haikubadilika. Ndiyo maana dereva wa trekta ana ngozi ya bibi wa kalenda.

Ya 2 ni mchoro wa Dong Xiwen wa 1953, unaoonyesha kutangazwa kwa Jamhuri ya Watu wa China mwaka 1949. Huu ni wa kipekee kwa kuwa ulirekebishwa kila siasa ilipogeuka. Gao Gang, mmoja wa viongozi wa chama, aliondolewa baada ya kuanguka kwake katikati ya miaka ya 1950. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni Liu Shaoqi naye akaondolewa, na Dong Biwu akawekwa mahali pake. Mwaka 1972 wachoraji wengine, Jin Shangyi na Zhao Yu, walitengeneza nakala mpya kwa kuwa Dong Xiwen alikuwa mgonjwa, alifariki 1973. Baadaye, mwaka 1979, walioondolewa wakarudishwa. Kwa hiyo linganisha safu ya viongozi na matoleo mengine na utajua bango lako limefuata lipi.

Ya 3, huyo mwenye sare bila shaka ni Lin Biao. Alikuwa mrithi rasmi wa Mao hadi ndege yake ilipoanguka Mongolia tarehe 13 Septemba 1971. Baada ya hapo picha zake zilikuwa hatari kumiliki. Watu walizichoma au wakafuta uso, na dibaji yake ya Desemba 1966 ilichanwa kutoka vitabu vingi vyekundu vya nukuu za Mao. Bango lenye Lin akiwa pembeni mwa Mao kwa heshima hiyo kwa kawaida ni la 1966 hadi 1971. Usifute mikwaruzo. Nayo ni sehemu ya historia ya karatasi, hata kama hatuwezi kusema ilifanyiwa China au hapa Nyanza.

---

Mkutubi_Kisumu:

Asanteni sana. Nimetumia lenzi.

Ya 1: vijiua vinaonekana, mstari wa chini ni mweusi safi. Tarakimu ni 1968 na 版, kisha 1969 na 次.
Ya 2: matone yametapakaa, hata herufi zina meno. Hakuna mstari wa mchapishaji. Chini ya tochi inawaka samawati.
Ya 3: vijiua, ukingo wa chini umekatwa. Herufi ile ni 万.
Ya 4: hakuna nukta, kuna mistari ya penseli chini ya rangi.
Ya 5: hakuna nukta. Kona ya chini kuna maandishi 주체 88. Familia iliambiwa ni ya miaka ya 1960.

---

Karatasi_Kuukuu (Kakamega):

Ya 5 haiwezi kuwa ya miaka ya 1960. Kalenda ya Juche (ndilo neno hilo 주체) ilianza kutumika Korea Kaskazini mwaka 1997, ikihesabu 1912, mwaka aliozaliwa Kim Il Sung, kiongozi wa kwanza wa nchi hiyo, kuwa mwaka wa kwanza. Jumlisha 1911 na namba hiyo: 1911 + 88 = 1999. Neno lenyewe peke yake lisikupe tarehe, kwani limo kwenye kaulimbiu za miaka mingi nyuma. Kinachohesabika ni neno likifuatwa na namba.

Korea Kaskazini iliendelea kupaka mabango kwa mkono hadi karne hii, kwa hiyo kuwa na brashi hakuthibitishi uzee. Kipimo kingine: baada ya 1949 maandishi ya kaskazini ni ya Kikorea kitupu. Ukikuta bango la Kikorea lililochanganywa na herufi za Kichina, kwanza shuku kusini. Seoul nayo ilichapa mabango yake ya kupinga ukomunisti kwa wingi. Wanafunzi wenu wakitaka kuona kazi ya Wakorea wa kaskazini bila kwenda mbali, mnara wa Tiglachin ulioko Addis Ababa, wa 1984, ni wa karakana ya Mansudae ya Pyongyang. Karakana hiyohiyo ndiyo iliyojenga lile sanamu kubwa la Dakar lililozinduliwa 2010. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulizuia Korea Kaskazini kuuza sanamu nje, na mwaka uliofuata Mansudae yenyewe ikawekwa kwenye orodha ya vikwazo.

Ya 4 ni ya Vietnam Kaskazini kwa mtindo. Serikali yake ya Hanoi ilitangaza idadi ya ndege za Marekani ilizodai kuangusha, ikaweka namba hizo hadi kwenye stempu: 2,000 mwaka 1967 na 3,000 mwaka 1968. Basi namba inakupa mwaka ambao bango halikuweza kutangulia. Haikupi mwaka wa karatasi yenyewe. Karatasi na mashine zilikuwa adimu wakati wa vita, kazi nyingi zilinakiliwa moja moja kwa guashi, yaani rangi nzito ya maji, au kwa chapa ya mbao, na leo Hanoi kuna maduka yanayowauzia watalii nakala zilizopakwa vilevile kwa mkono. Penseli peke yake haitoshi. Angalia zile alama za juu na chini ya herufi: mnakili asiyekuwa makini huziruka. Angalia pia mgongo wa karatasi kama kuna maandishi au chapa nyingine, kwa kuwa karatasi ilitumika pande zote mbili.

Mkono wa mafunzo unaonekana kwenye mabango ya Vietnam. Wafaransa walifungua chuo cha sanaa Hanoi mwaka 1925, na waliosomea huko, kama To Ngoc Van aliyeuawa 1954 katika vita dhidi ya Ufaransa, ndio waliowafundisha wachoraji wa mapambano.

---

Winam_Mdadisi:

Samahani kuuliza, lakini kwa nini tuwaonyeshe watoto uongo wa serikali za watu? Wakiuona ukutani wa maktaba watadhani hao ni mashujaa.

---

Karatasi_Kuukuu (Kakamega):

Swali lako ni la haki, ndugu. Wasiwasi huo unamalizwa na kibandiko cha maelezo, kikiandikwa vizuri. Usiandike "Mao akiwa kijana". Andika: *Mchoro wa 1967 kuhusu tukio la miaka ya 1920. Nakala hii ilichapwa 1969. Ulitengenezwa kuchukua nafasi ya mchoro wa 1961 uliomwonyesha Liu Shaoqi, ambaye alifia kizuizini 1969.* Sentensi tatu, na kijana yeyote atauona mlima ule kwa jicho jingine.

Kama mna nafasi ya kuongeza picha moja ya kuazima, tafuteni nakala ya bango la Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya Mao ya kuongeza uzalishaji haraka iliyoanza 1958: ngano ndefu kuliko mtu, nguruwe wakubwa kama tembo. Chini yake andikeni kwamba njaa ya 1959 hadi 1961 iliua watu milioni nyingi. Makadirio yanaanzia takriban milioni 15 na kupita 40. Wasimamizi waliogopa kuripoti mavuno halisi, serikali ikachukua nafaka kwa hesabu za uongo, na bango likawa linaonyesha ripoti badala ya shamba.

Na msiandike jinsi zilivyofika Kisumu. Kenya ilimtimua kaimu balozi wa China mwaka 1967, kwa hiyo ya 1, iliyochapwa 1969, haikufika kwa urahisi wa miaka ya mwanzo ya uhuru. Ingeweza kupitia Tanzania, ambako reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, au kupitia njia nyingine kabisa. "Chanzo hakijulikani" ni jibu la kutosha.

---

FundiChapa_Nakuru:

Turudi kwenye utunzaji, maana Kisumu si Nakuru. Sisi huku juu hewa ni kavu kidogo. Nyinyi mko kando ya ziwa, na ukungu huanza kuota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kiweke ndani ya kabati, ulenge 45 hadi 55.

Leo hii itenge ya 5. Itoe nje penye kivuli na hewa, vaa barakoa, iache ikauke kabisa, ndipo upitishe brashi laini kwa upole kuelekea nje. Ukiusugua ukungu ukiwa mbichi utausukuma ndani ya karatasi, na doa halitoki. Selotepu usiivute. Kama plastiki imeshaachia yenyewe, itoe, na gundi ya kahawia iache. Asetoni ya kucha itasogeza rangi.

Kunyoosha: ya 1 na ya 3 pekee. Ya 4 na ya 5 zisikutane na unyevu kwa njia yoyote ile. Zilaze tu chini ya ubao mwepesi kwa wiki kadhaa. Kwa zile za ofseti, chukua beseni kubwa lenye kifuniko, weka taulo lililolowa na kukamuliwa chini kabisa, juu yake wavu, juu ya wavu bango. Funika saa 2, angalia, isizidi 4. Karatasi ikilegea, ihamishie kati ya karatasi nyeupe zisizochapwa zenye kunyonya, weka ubao na vitabu juu. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya nusu saa, kisha kesho yake, halafu acha wiki nzima. Usitumie magazeti, wino wake unahama. Ukikuta bango limejikunja kwa mawimbi, uliliondoa kwenye uzito kabla halijakauka.

Kwa michaniko, gundi ni wanga wa ngano, si unga. Kanda unga nusu kilo kama wa chapati, uache dakika 30, kisha ukande ndani ya bakuli la maji hadi maji yawe meupe na mkononi kubaki kitu cha kunata. Hicho kinachonata ndicho kinachovutia mende na kugeuka njano; kitupe. Acha maji yatulie usiku kucha, mwaga ya juu, sehemu nyeupe iliyobaki ndiyo wanga. Sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji, pika moto mdogo dakika 20 hadi 30 ukikoroga, chuja. Haikai zaidi ya siku chache, hata kwenye friji. Paka kidogo sana, upande wa nyuma, kwenye kipande cha karatasi nyembamba yenye nyuzinyuzi ndefu. Kichane kwa mkono badala ya kukikata, kwa sababu ukingo uliokatwa kwa mkasi hutengeneza mkunjo mpya.

Kutundika: piga picha kwa simu, simu ikiwa sambamba na karatasi, taa mbili kwa pembe ya nyuzi 45, bila flashi. Chapa nakala, tundika nakala. Mkilazimika kuonyesha ya asili, mwanga usizidi luksi 50, miezi mitatu basi, na kioo kisiguse rangi. Majenta na njano ndizo hufifia kwanza. Bango lililokaa juani hubaki na rangi ya samawati. Angalia ya 1 kama anga limeanza kuwa hivyo, utajua kama liliwahi kukaa ukutani.

Ya 2 tundikeni hiyohiyo, ni nakala ya printa.

---

Mkutubi_Kisumu:

Nashukuru mno. La mwisho: namba za maktaba niziandike wapi? Tuna mihuri.

---

FundiChapa_Nakuru:

Muhuri hapana, wino wake una mafuta na unapenya. Penseli ya 2B, upande wa nyuma, kona ya chini, karatasi ikiwa imelazwa juu ya kioo ili isiache alama mbele. Ya 4 na ya 5 usiziandike kabisa. Andika kwenye bahasha yake.